Umeme Mguuni, Tumbo Limelala

Jumatatu, 3 Machi
Nilipasuliwa tumbo juzi. Kidole tumbo kilikuwa kimeoza. Leo daktari, mama mmoja mpole, amekuja na kimashine chenye nyaya na vibandiko. Anafanya utafiti. Anapitisha umeme mdogo kwenye nukta fulani chini ya goti, eti upunguze uvimbe wa ndani na kuliamsha tumbo. Nikamuuliza: tumbo ndilo limekatwa, mguu umekosa nini? Akaeleza sana. Nikaitikia kwa kichwa. Wengine watapata umeme, wengine vibandiko vitupu, na mgonjwa haambiwi. Nikatia sahihi.

Sili wala siendi nyumbani mpaka tumbo liamke, nipitishe upepo kwa nyuma. Na saluni yangu ya kunyoa iko mikononi mwa shemeji, kaka wa mke wangu. Mke wangu anasema wateja wanamsifu kwa mkono mwepesi. Roho inaniuma kuliko mshono.

Jumanne, 4 Machi
Dereva wa lori, kitanda cha dirishani, anasema mashine inamtekenya mguu. Anacheka huku ameshika tumbo. Mimi sisikii hata mdudu. Nimepewa vitupu! Nimewaza mchana kutwa. Umeme uko kwenye kitanda cha dirishani.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia Dereva baridi ya dirishani si nzuri kwa mshono. Tumebadilishana vitanda. Mtu mwema, akili fupi. Muuguzi alipobandika tu, mguu ukaanza kuruka. Nikashukuru kwa sauti. Akasema bado hajawasha. Halafu akasema mashine ni ile ile yangu, kila mgonjwa na yake. Sielewi. Mguu uliruka, niliuona kwa macho yangu.

Alhamisi, 6 Machi
Dereva amepitisha upepo. Wodi nzima ikampa hongera, akaletewa uji. Kwenye kitanda changu cha zamani! Kumbe umeme ulikuwa kule? Nikaomba turudishiane. Akasema kitanda kilichomfungulia njia hakiachi ng'o.

Mke wangu kaleta habari: shemeji katundika kioo kipya saluni. Maji yamezidi unga. Nikamwita muuguzi, nikamwambia na mimi nimepitisha, ila kimya kimya. Nikaletewa uji. Mtamu.

Ijumaa, 7 Machi
Uji umerudi wote. Tumbo limejaa kama ngoma. Nimetiwa mpira puani. Daktari akauliza kama jana nilipitisha kweli. Nikasema inategemea. Hakucheka.

Jumapili, 9 Machi
Nimepitisha! Kweli kabisa, mchana kweupe. Hakuna hongera hata moja. Muuguzi akasema wimbo huo wameshausikia, tusubiri daktari alisikilize tumbo mwenyewe. Dereva angenitolea ushahidi, lakini jana alikwenda kwake.

Kwa uchungu nikampigia simu shemeji. Nikamwambia nimeruhusiwa, kesho nafungua saluni mwenyewe. Nilitaka tu aingiwe na hofu. Kumbe kafurahi mno! Akasema mgongo ulikuwa unamuua kwa kusimama, alikuwa anaona haya kuniambia. Papo hapo kafunga, funguo kamrudishia dada yake, na wateja wote kawaambia waje kwangu kesho asubuhi.

Nimelala na mpira puani, nawaza. Dawa ni moja tu. Nitamwita muuguzi nimwambie nimepitisha tena, na safari hii ilikuwa na kishindo.