Risasi Kumi kwa Kila Muuaji

Mheshimiwa Mlezi wa Baraza letu la wahamiaji hapa Afrika Kusini, ambaye ametuma udhuru. Waheshimiwa Wajumbe wa Kamati Tendaji, Kamati Ndogo na Kamati ya Kuratibu Kamati. Wachungaji na Masheikh. Mabibi na mabwana wa mitaa ya Point na Bluff na wa katikati ya jiji. Wageni waalikwa na ninyi mliokuja kwa harufu ya pilau. Itifaki imezingatiwa, na asiyetajwa ajihesabu ametajwa! (Makofi. Mtu anapiga mluzi.)

Mimi Mwenyekiti wenu Ameir, niliyepita bila kupingwa kwa kuwa mgombea mwenzangu hakuambiwa siku ya uchaguzi, nasimama katika ukumbi huu wa kanisa kutoa taarifa ya utekelezaji wa Muswada wa Kudhibiti Magazini Kubwa, yaani vile vikasha vya bunduki vinavyobeba risasi nyingi kuliko akili ya mwenye bunduki. (Kicheko.) Kilichotufikisha hapa kila mtu anakijua. Mwaka jana wahuni walimiminiana risasi pale kwenye robot, zile taa za barabarani, katika ugomvi wao wenyewe, na ndugu yetu Armel, kinyozi Mrundi, akafia mlangoni mwa saluni ya dada yake, Mama Goreth, mashine ya kunyolea ikiwa bado mkononi. Inauma, jamani. Inauma sana, na kwa muktadha huo, siku ya mazishi nilitoa tamko la kimkakati.

Nilisema sheria inakuja! Hakuna magazini Afrika Kusini itakayozidi risasi kumi! Na ndugu zetu Warundi, ambao wana desturi yao ya kuganduka, siku ile ukoo unapomaliza kilio rasmi na watu wakaruhusiwa tena kuoa, kuolewa na kucheza, nikawaomba wasiganduke kwanza. Wangoje sheria ipite, ili tuunganishe shughuli mbili chini ya tenti moja, kwa ufanisi. Wakakubali! Huo, ndugu zangu, ndio uzalendo shirikishi, na nimeusimulia kwenye makongamano matatu. (Makofi machache.)

Sasa tuje kwenye faida. Chini ya muswada huu, muuaji akishafyatua risasi ya kumi atalazimika kisheria kusimama na kubadilisha magazini, kipindi ambacho sisi wataalamu tunakiita dirisha la fursa, na raia atalitumia dirisha hilo kukimbia, na Baraza litaendesha semina elekezi ya kukimbia, yenye cheti na chai. Utafiti nilioufanya mwenyewe, nikiwa nimekaa, unaonyesha mafanikio ya asilimia mia na nne. (Sauti kutoka nyuma: "Eish!") Ahsante sana. Najua kuna wanaonong'ona kuhusu walinzi wangu wawili pale mlangoni, kwamba magazini zao ni ndefu kama ndizi. Ni kweli, ni ndefu. Lakini kuna kifungu cha msamaha kwa viongozi, kwa sababu kiongozi ana maadui wengi kuliko kinyozi. (Mlinzi mmoja anasogeza bunduki nyuma ya pazia.)

(Mama Goreth anasimama: "Mwenyekiti, samahani. Hiyo sheria iko inapita siku gani? Lyse, mtoto wa Armel, mchumba wake anangoja. Familia ya kijana imesema Krismasi ikipita bila ndoa wanavunja uchumba. Na sisi hatuwezi kuoza mtoto tukiwa kwenye kilio.")

Mama Goreth, kaa, mama, usiwe na papara. Subira huvuta heri, na mchakato una hatua zake: kuna hatua ya awali, kuna hatua ya kabla ya awali, na sisi tunakwenda vizuri kabisa katika hiyo ya pili. Naomba Lyse asimame tumpigie makofi ya uvumilivu. (Lyse hasimami. Watu wanaangalia chini.) Basi apigiwe akiwa amekaa.

Risasi kumi! (Wachache: "Zatosha!") Baraza letu! (Mmoja: "Kazi!") Mwenyekiti wetu! (Kikohozi.)

Kwa kuhitimisha, nawashukuru wapishi, nawashukuru walinzi, na zaidi ya yote naishukuru familia ya marehemu kwa kungoja mwaka mzima muswada ambao, kwa misingi ya uwazi na uwajibikaji, niseme tu kwamba hakuna aliyeuandika, wala huko Bungeni hakuna anayeujua. Siku ile kaburini mlikuwa mnalia sana, kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, na sikuwa na neno lingine la kusema.

(Mama Goreth anamshika Lyse mkono. "Simama, mama, twende. Jumamosi tunaganduka." Safu ya kwanza inainuka, kisha ya pili, kisha ukumbi wote. Mwenyekiti anaendelea kuvishukuru viti.)