Farasi wa Miaka Kumi

Jumamosi, 1 Aprili 2006. Maskati

Viza ya Shatha imetoka. Binti yangu ataruka Jumanne ya tarehe 11, kwenda Uingereza kusoma. Miaka mitano! Mama yake, Mahfoudha, kalia. Mie sikulia. Nilikohoa tu, mara nyingi.

Chakula cha mchana, mbele ya shemeji yangu Majid (hakosi pilau yetu hata siku moja), Shatha akasema kwa upole kwamba kuna ahadi nilimpa alipokuwa na miaka saba. Kumpeleka Jabal Akhdhar na farasi, tulale kwenye msitu wa juu mlimani, baba na mwana. Akasema hadai kitu, anakumbusha tu. Majid akacheka mpaka wali ukampalia. Nikamwambia acheke taratibu, babu yangu alikuwa mpanda farasi mashuhuri Unguja nzima. (Alikuwa na gari la punda. Lakini punda wawili, na wote wakali.)

Shatha akaniangalia. Si kwa hasira, hasira ningeiweza. Aliniangalia kama mtu mzima anavyomwangalia mtoto anayesema atakuwa rubani. Nimewahi kumwahidi baiskeli, paka wa Kiajemi, safari ya Salala wakati wa mvua, na piano. Baiskeli aliipata. Ya kiume.

Basi! Ahadi ni deni. Alhamisi na Ijumaa hii, mlimani, na farasi. Akiondoka bila kuliamini neno langu, atakaa huko miaka mitano bila kuliamini, na mie sitapata wa kunisikiliza tena nyumba hii.

Jumatatu, 3 Aprili

Nimefunga duka langu la vipuri Wadi Kabir, nikaenda Barka kwa bwana mmoja mwenye banda la farasi. Jina lake Aflah. Mtu wa Nizwa, mrefu, msema haraka. Kiarabu changu kizuri sana, tatizo ni wao. Miaka thelathini na moja tangu nije kutoka Unguja, na bado hawajapunguza mwendo.

Farasi wake wa maana wote wamekwenda mashindanoni. Wamebaki wawili. Dume mmoja mzee, Barq, ambaye nilidhani amekufa kasimama. Na jike la kijivu, nene, zuri, macho ya bibi harusi. Samha. Nikasema huyu! Aflah akatikisa kichwa, akamwaga maneno mengi, na katikati yake nikalidaka moja, wazi kabisa: ashara. Akalirudia, mkono kauweka tumboni kwa farasi. Ashara!

Miaka kumi. Vizuri mno! Farasi wa miaka kumi ana akili zake, keshamaliza utoto. Nikamwambia ashara, mumtaz, safi kabisa, ndiye huyo huyo ninayemtaka kwa ajili ya binti yangu. Akauliza kama nina hakika. Akanyoosha kidole juu: jabal? Nikasema jabal. Akanitazama muda mrefu, akainua mikono akaniombea dua. Kisha akasema lazima na yeye aje. Nadhani ndivyo wanavyofunga mapatano kwao.

Jumatano, 5 Aprili

Hamriya nzima haina kofia za wapanda farasi. Nimenunua za mafundi wa ujenzi. Yangu ya manjano, ya Shatha nyekundu. Fito za hema zilikuwa zimevunjika, fundi mmoja wa Ghala kaniungia bomba za ekzosi badala yake. Hema imara. Tulilinyanyua watu wanne.

Pigo! Mahfoudha anabaki kufunga masanduku, lakini kasema hatuachi twende wawili peke yetu, lazima Majid awepo. Majid aliyesoma Kairo! Majid ambaye kwenye harusi hunisahihisha Kiarabu mbele ya sahani za biriani. Akae na Aflah siku mbili, wazungumze? Haiwezekani.

Mbinu: nimemwambia Majid safari ni saa nane mchana. Sisi tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Sijasema uongo. Yeye safari yake ni saa nane.

Alhamisi, 6 Aprili. Jabal Akhdhar

Nipo mlimani. Nimefika. Sikutegemea, kusema kweli.

Chini, kituo cha polisi, askari alitazama gari, akatazama lori la farasi nyuma yetu, akatazama kofia yangu ya manjano, akauliza wapi tunajenga. Nikasema aiwa, ndiyo. Akatupisha.

Njia inapanda, inapanda, halafu unapodhani imechoka inapanda tena. Aflah anaendesha lori lake kwa mwendo wa kobe. Nikapiga honi. Akatoa kichwa dirishani akapiga kelele: ashara! Nikamnyooshea kidole gumba: ashara! Mtu huyu anampenda farasi wake, lakini umri wake nimeshaujua.

Halafu tukatokea juu.

Naandika pole pole hapa. Dunia inakatika. Unasimama kwenye ukingo wa jiwe na chini yako hakuna kitu mpaka mbali kabisa, na huko mbali kuna kijiji kimeshikamana na jabali, na mashamba yake yamepangwa ngazi kwa ngazi, na upepo ukigeuka unaleta harufu ya mawaridi. Mawaridi! Yanachumwa sasa hivi. Nyuma yetu msitu wa alalani, miti mikongwe iliyopindapinda, yenye harufu ya penseli iliyochongwa. Mmoja mkono wangu haukuuzunguka, wala mikono yetu wawili mie na Shatha. Aflah alisema umri wake, sikushika, lakini alishusha sauti. Kimya. Maskati sijawahi kusikia kimya. Nilijisikia mdogo, na ajabu ni kwamba sikuchukia.

Nilimpanda Barq. Niliteremka mara mbili, mara zote bila ya kutaka.

Halafu likatokea jambo. Shatha alikwenda kumlisha Samha majani, akazungumza na Aflah, akarudi kwangu mbio macho yamemtoka. Samha ana mimba! Mimba pevu, siku yoyote anazaa! Ndiyo maana hapandwi! Ashara, kumbe, kwa watu wa farasi si kumi. Ni mwenye mimba iliyokomaa.

Kisha akaniuliza kama nilijua. Akasema Aflah kamwambia baba yako alimtaka huyu na si mwengine, alisema ni kwa ajili ya binti yake. Machozi yanamlenga. Hakuna baba, akasema, ambaye angefikiria zawadi ya kuaga kama hii.

Ningefanyaje? Nikasema si kitu, mwanangu.

Akanikumbatia! Mwaka wa ngapi huu sijakumbatiwa hivyo. Saa nzima nilikuwa baba mkubwa kuliko wote Jabal Akhdhar.

Njia ya mwongo fupi. Magharibi Majid katokea na Landkruza yake, na sufuria la mahamri, na kinyongo cha saa nane. Hakumaliza hata salamu, akamuuliza Aflah ilikuwaje akamtoa farasi mwenye mimba pevu. Aflah, mtu mwaminifu, hana baya, akatuigizia. Akanionyesha mie: kifua mbele, vidole kumi hewani, “Ashara! Mumtaz!” Na vile mie niko vile vile! Majid alicheka mpaka akakaa chini. Akarudia yeye. Akarudia tena na vidole.

Shatha hakucheka. Aliniuliza nilijua au sikujua. Nikasema kiasi. Akauliza kiasi gani. Nikainamia sufuria la mahamri. Akaingia garini akafunga mlango, kalala humo. Hema la ekzosi nimelala peke yangu. Naona aibu. Nimeliandika, lakini sitolisema.

Ijumaa, 7 Aprili. Mlimani

Niliamka kabla ya alfajiri. Baridi ya kutafuna meno. Nikatawadha kwa maji ya chupa, nikasali, nikatoka nikaone kama Shatha kafunika miguu. Nikasikia mguno chini ya mti ule mkubwa.

Samha kalala ubavu. Anapumua kwa nguvu. Nikajua. Safari hii nilijua kweli.

Nilitaka kumwita Aflah. Nilitaka hata kumwita Majid. Miguu ilinipeleka kwenye gari. Nikagonga kioo pole pole, nikamwambia Shatha mwanangu, ni sasa. Akatoka na blanketi, tukakaa wawili kwenye jiwe.

Mwanga ulikuwa unaanza upande wa bonde. Kwanza ilitokea miguu miwili, imefungwa kwenye ngozi nyembamba inayong'aa. Halafu pua, juu ya miguu, kama mtu anayesujudu. Halafu mwili wote kwa mara moja, na moshi wa joto ukapanda. Samha akageuza shingo akamlamba. Alitoa sauti ambayo sikujua kama farasi anayo, ndogo, ya ndani. Mahfoudha alitoa sauti hiyo hospitali, alfajiri aliyozaliwa Shatha. Nilikuwa nje ya mlango. Niliisikia.

Kile kitoto kikajaribu kusimama. Kikaanguka. Kikajaribu, kikaanguka. Mara ya nne miguu ikakubali, akasimama anatetemeka, nyuma yake mlima wote umegeuka rangi ya dhahabu, akaanza kumtafuta mama yake mahali pasipo. Subhanallah. Kwa muda wa nusu saa sikuwa na shauri la kumpa mtu yeyote. Nilikuwa nalia, na sikukohoa.

Shatha akaweka mkono wake kwenye mkono wangu. Akasema kweli mie sikujua, lakini nilimwamsha yeye mwanzo.

Aflah alikuja mbio, kilemba mkononi, akasoma dua, akakinyooshea kidole kile kitoto, akapiga kelele kwa furaha: “Muhr! Muhr!” Sikumuuliza muhuri wa nini saa kumi na mbili asubuhi. Labda wa polisi wa kule chini.

Majid aliamka yote yamekwisha. Alhamdulillahi! Ng'ombe wa masikini hazai, husema watu, na akizaa huzaa dume. Farasi wangu mie, Maan, kazaa! (Dume. Methali haikukosea.) Shatha kampa jina: Kiasi. Kanitazama wakati anamwita. Kacheka kidogo.

Jumanne, 11 Aprili. Uwanja wa ndege

Kaondoka.

Majid alilia kwa sauti kuliko mie. Hata hapo anataka kushinda.

Kabla ya kuingia ndani, Shatha alinishika mkono wa kanzu akanivuta pembeni. Akasema ahadi ya mlima nimeitimiza, na hataisahau mpaka kufa. Sasa hataki ahadi nyengine yoyote, si piano, si paka. Anataka kitu kimoja tu: neno nisilolijua, niulize. Hakuna aibu. Niseme sijui, niulize.

Nikamwahidi. Alikuwa keshasema hataki ahadi, lakini ilishanitoka.

Nyumba kubwa mno leo. Mahfoudha kapika sahani moja zaidi. Majid kaila.

Jumamosi, 29 Aprili. Maskati

Shatha kapiga simu. Huko mvua, na watu wanamuuliza kama Oman kuna miti. Kawasimulia alfajiri ya Kiasi, mmoja kalia. Kaniuliza kama nakumbuka alichoniambia. Nikasema kila neno. Mlima umenifunza mengi.

Majid hajaacha. Dukani kwangu, mbele ya wateja: “Ashara! Mumtaz!” Na vidole. Sasa imetosha! Nimekwenda kwa mpiga chapa Hamriya nikatengeneza cheti, kikubwa, chenye nakshi za dhahabu: Bwana Maan, Bingwa wa Farasi na Milima. Nikamtandazia shemeji mezani. Akakisoma, akasema cheti kisicho na muhuri ni karatasi ya kufungia njugu.

Vyema. Nimempigia simu Aflah. Ningeweza kumuuliza mtu kwanza muhuri unaitwaje kwa Kiarabu, lakini ya nini? Maneno haya yote tumeyatoa kwao. Nikamwambia wazi: nataka muhur. Akauliza kama kweli nautaka muhr. Nikasema aiwa, wangu, niukamate mwenyewe, Majid auone. Sauti ikamlegea. Akasema kwa ajili ya binti yule aliyelia mlimani, hawezi kuninyima. Zawadi! Hataki hata shukrani.

Watu wa Nizwa wana heshima zao. Anauleta mwenyewe Alhamisi, hapa nyumbani, kwa lori. Lori zima kwa muhuri mmoja! Anasema una afya, na unaruka sana. Nadhani ni wa springi. Anasema lakini hauwezi kuja peke yake, mpaka miezi sita lazima uwe na mama yake. Hapo ana maana ya kile kisahani cha wino. Nikasema alete wote wawili, nafasi ipo.

Nimeshawasafishia droo. Sikuhitaji kumuuliza chochote. Nilielewa kila neno.