Hotuba ya Kufungua Ukumbi wa Sinema wa Viti Mia Tisa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Maandalizi, ambaye ni mimi, Mkurugenzi wenu. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru, na hivyo namkaimu. Wajumbe wa kamati kuu, wa kamati ndogo, na wa kamati ya kuunganisha kamati. Wadau wote wa picha zinazotembea. Mwenye viti vya kukodi. Bwana wa vipaza sauti. Jirani yetu mwenye ghala la magodoro ng'ambo ya barabara. Wazee mliopata kivuli na vijana mliokosa. Mabibi na mabwana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa nimeagiza izingatiwe kabla sijamaliza. (Makofi.)

Kabla sijaanza, niseme kwamba karani wangu wa masjala, yule mama mwenye daftari jeusi, ananukuu kila neno langu pamoja na kila kinachotokea hapa uwanjani, ili kizazi kijacho kisije kikadai hakikuarifiwa. (Karani anainama kidogo.)

Ndugu wananchi, leo alasiri tunafanya mambo mawili kwa mpigo mmoja. Tunazindua Tamasha letu la Kwanza la Filamu, na tunafungua ukumbi wa kisasa wa sinema wenye viti mia tisa, ambao mchoro wake mnauona nyuma yangu kwenye kitambaa hiki kirefu kama nyumba. Ukumbi wenyewe uko nyuma ya kitambaa. Naomba mtu yeyote asichungulie, kwa sababu kuchungulia ni kuvuruga ratiba, na ratiba inasema kitambaa kitashushwa baada ya hotuba. (Watu wanageuza shingo. Askari wa zamu anawaambia wasigeuze.)

Utafiti wa kina uliofanywa na ofisi yangu, ndani ya ofisi yangu, umebaini kwamba asilimia themanini na saba ya wananchi wanapenda filamu, asilimia kumi na mbili wanapenda filamu ila hawajaulizwa, na asilimia moja iliyobaki ilikuwa likizo. (Kicheko. Mkurugenzi anasubiri kiishe.) Sijatania. Utafiti huohuo umeonyesha kwamba mwananchi hufurahia filamu kwa njia kuu tatu: kwenye matamasha, kwa kurudia zile picha za zamani alizozipenda, na nyumbani kwake. Ni katika kufuatilia njia hii ya tatu, ambayo haina kibali wala mwongozo, ndipo mimi mwenyewe, bila kutuma mtu, nilipofanya ziara ya kikazi nyumbani kwa yule mzee mnayemwita Mzee Mwanga. Yule pale, safu ya mbele, mwenye miwani minene. Mzee, inua mkono uonekane. (Mzee Mwanga anainua mkono, akiuelekeza kwa bwana wa vipaza sauti. Binti yake anamgeuza taratibu.)

Kwa wasiomfahamu, huyu ndiye aliyekuwa akiendesha mashine kwenye sinema ya zamani kwa miaka thelathini na moja, mpaka ilipofungwa. Nilipoingia sebuleni kwake nilikuta hali ambayo, kitaalamu, ni ya kutisha. Nilihesabu watu kumi na saba katika chumba cha watu sita. Mafundi gereji wamekaa sakafuni, mama mmoja amempakata mtoto, mwalimu mstaafu ameegemea kabati la vyombo. Ukutani limetundikwa shuka la kitanda, lina kiraka. Na kwenye hilo shuka inaonyeshwa ile picha ya zamani ya tarishi wa posta aliyempenda mwanamke kwa kuusoma mwandiko wake juu ya bahasha. (Minong'ono. Mwanamke mmoja anasema, "Mimi nimeiona mara arobaini." Mwenzake anasema, "Na bado unalia.")

Nikawauliza, kwa sauti ya kiofisi, "Hii hamjaichoka?" Wakaninyamazisha. Mimi! Mwalimu mstaafu akaniambia, "Kaa chini baba, sasa hivi anapita mama."

Nikakaa. Nilikaa kwa sababu za kiutafiti. Ikafika sehemu ya sokoni, tarishi anapita katikati ya watu na mkoba wake, na mwanamke mmoja mwembamba akavuka barabara na mwavuli uliofungwa. Wapiga picha walikuwa wamemwambia asiangalie kamera. Akaiangalia. Akacheka, akaenda zake. Sekunde kumi na moja, nilipima kwa saa yangu. Sebule nzima ikasema kwa pamoja, "Shikamoo mama!" Ndipo nikaelezwa kwamba huyo alikuwa mkata tiketi wa sinema ileile, na alikuwa mke wa mzee huyu, na kwamba tangu afariki, familia haina picha nyingine yake akicheka. (Mtoto analia, ananyonyeshwa.)

Nilipomaliza kuandika tathmini yangu, Mzee Mwanga akanivuta pembeni. Nayanukuu maneno yake kwa sababu yaliisukuma ofisi yangu kuchukua hatua. Alisema, "Mwanangu, macho yananiacha. Daktari kasema mwaka huu hayafiki mwisho. Kwenye hili shuka nasikia watu wanavyomsalimia, lakini yeye simwoni tena, naona weupe tu unapita. Kama nyinyi serikalini mna skrini kubwa, kubwa kweli, nikikaa karibu labda nitamwona mara moja kabla giza halijaingia."

Ndugu zangu, mbele ya ombi kama hilo kiongozi wa kawaida angesema ataangalia. Mimi nilisema pale pale, "Mzee, tunao mradi." (Makofi.) Nikamweleza kuhusu ukumbi wa viti mia tisa na skrini ya mita kumi na nane. Nikamwambia mkanda wake, ambao ndio pekee uliobaki popote, utapelekwa Hifadhi Kuu ya Filamu, utasafishwa na wataalamu, utatunzwa kwa kiwango cha kimataifa cha ubaridi, na utaonyeshwa leo, kama picha ya kufungulia tamasha. Binti yake, fundi cherehani, alikuwa na wasiwasi. Alisema, "Baba, usitoe." Mzee akasema, "Nikae nao wa nini, kama simwoni?" Akanikabidhi kasha la bati kwa mikono miwili, nami nikalipokea kwa mikono miwili, na tukio hilo lilipigwa picha sita. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Katika miezi hiyo saba tumefanya semina elekezi nne, upembuzi yakinifu mara mbili, na...

(Binti wa Mzee Mwanga anasimama. Anasema, "Samahani Bwana Mkurugenzi. Mkanda wa baba uko wapi?")

Maswali yamepangiwa muda wake, dada yangu.

("Nimekuja ofisini kwako mara tisa. Baba leo kaja na mashine yake mwenyewe kwenye toroli, kwa kuwa mtu wako alimwambia nyinyi hamna. Mkanda uko wapi?" Watu wanasema, "Jibu!")

Uko salama. Uko Hifadhi Kuu, kama nilivyosema, chini ya ulinzi wa saa ishirini na nne.

("Hifadhi Kuu iko wapi?")

Kwa sasa, wakati taratibu za kupata jengo zinaendelea, Hifadhi Kuu iko kwenye kabati la ofisi yangu. (Kelele.) Nimesema kwa sasa! Ni kabati la chuma. Lina kufuli. Na ili kuondoa upotoshaji, namwagiza karani wangu mwenye ufunguo avuke hapo ng'ambo hadi ofisini, akalete kasha, mlione kwa macho, kisha lirudishwe mahali pake. Huo ndio uwazi na uwajibikaji. (Karani anaomba radhi. Daftari anaachiwa bwana wa vipaza sauti.)

Tuendelee. Tamasha hili ni jukwaa mtambuka la kuchochea mnyororo wa thamani wa ubunifu. (Wengi wanaangalia kule alikoenda mama karani.) Litakuwa na mada elekezi, mijadala ya wataalamu, zulia, na utambulisho wa waheshimiwa utakaochukua siku ya kwanza yote. (Jamaa mmoja kauliza, "Na filamu?") Filamu zitaingizwa kwenye ratiba kadiri nafasi itakavyoruhusu. (Hapo watu wamecheka sana, hata mimi.) Andika makofi, kijana wa vipaza sauti, siyo maoni yako. (Sawa.)

Nakumbuka mimi mwenyewe nikiwa mdogo... (Mama karani huyoo anarudi na kasha. Juu ya kasha kuna duara la kikombe cha chai.) Hilo duara ni alama ya kumbukumbu. (Mzee kapakata kasha. Kalifungua. Hakuliangalia, kalinusa. Nimezima feni ya spika ili asikike. Kasema, "Halijaanza kunuka siki, mkanda haujaoza. Mama yenu mzima." Binti yake kakaa chini, kafunika uso kwa kanga. Mama karani nakurudishia daftari, mimi siwezi.)

Sasa kwa kuwa mmeridhika, naagiza kasha lirudishwe kabatini. (Hakuna anayenyanyuka kulirudisha.) Narudia agizo. (Mwenye ghala la magodoro anasema kwa sauti, "Ghalani kwangu hakuna dirisha hata moja. Giza lipo. Na pa kukaa papo, mkivua viatu." Watu wanaanza kusimama.) Kaeni chini, ndugu wananchi, skrini mnayo hapa hapa, mita kumi na nane, nyuma ya kitambaa hiki, na itazinduliwa muda si mrefu! (Binti wa Mzee Mwanga anapanda jukwaani. Anakishika kitambaa, anakikunja pembe na kukitazama upande wa nyuma. Anasema, "Nyuma ni cheupe tupu. Cha pamba nzito, hakina mshono." Anatoa mkasi kwenye mkoba.)

Dada, hiyo ni mali ya umma. (Anasema, "Na sisi ndio umma." Anakata kamba ya kwanza.) Askari! (Askari wa zamu anakata kamba ya pili.)

(Kitambaa kinaanguka. Nyuma yake kuna kiwanja. Kuna majani, tairi moja, na mbuzi wawili. Mbuzi wanamtazama Mkurugenzi.)

Ndugu wananchi, hii ndiyo inayoitwa awamu ya awali. (Mafundi gereji wanakibeba kitambaa begani, watu wanane, wanavuka barabara. Toroli ya mashine inafuata. Mzee Mwanga ameshikwa mkono na mwalimu mstaafu. Wanawake wanafuata, kisha wanakamati wa kamati kuu, kisha kamati ndogo.) Natambua wanaotoka. Narudia, natambua wanaotoka, na majina yao yataandikwa. (Karani anauliza, "Yote?") Andika yanayofaa. (Bwana wa vipaza sauti anasema, "Samahani mheshimiwa, mashine ya mzee inahitaji waya mrefu, na mrefu ni huu wako." Kipaza sauti kinakatika.)

Haidhuru. Sauti yangu haikuwahi kutegemea umeme. Namalizia.

Filamu ni maisha! (Hakuna jibu.) Filamu ni maendeleo! (Mbuzi mmoja.) Kila kata, skrini yake!

Kwa kuhitimisha nitoe shukrani. Namshukuru mwenye kiwanja hiki, ambaye alituazima kwa saa tatu tu, na ambaye hajui ni kwa shughuli gani. Namshukuru mchoraji, ambaye alipoulizwa atachora ukumbi upi alisema atatunga, akatunga vizuri kuliko tulivyotarajia. Nawashukuru wafadhili, ambao niliwatarajia kwa moyo wote. Namshukuru mhandisi wa mradi, ambaye angepatikana angetufaa sana. Karani, usinitazame hivyo. Hapakuwa na mradi. Pale sebuleni nilisema "tunao" kwa kuwa mzee alikuwa ameshika mkono wangu, na mimi katika kazi hii sijawahi kufundishwa neno lingine la kumwambia mtu aliyekushika mkono. Nikadhani nikiutaja ukumbi mara nyingi kwenye barua, mtu fulani huko juu angeujenga. Usiandike hilo. (Karani ameshaandika.)

(Kutoka ghalani inasikika mashine ikianza kuzunguka, kisha muziki. Watu wanaambiana "shhh". Mwenye viti vya kukodi anakusanya viti, anakunja kile cha Mgeni Rasmi. Mkurugenzi anasimama na karatasi zake. Haendelei. Muziki unabadilika, ni wa sokoni.)

(Hakuna anayesalimia safari hii. Ghala zima limenyamaza, wamemwachia mzee. Halafu inasikika sauti ya Mzee Mwanga, peke yake: "Yule. Yule pale! Kumbe ule mwavuli ulikuwa na maua.")

Nimalizie, karani. Andika kwamba Mkurugenzi aliwashukuru wote kwa kuja.

(Karani anamwambia, "Nenda ukaione, mheshimiwa. Vua viatu mlangoni." Kikao kimefungwa saa kumi na dakika arobaini.)