Penzi Letu Si "Mengineyo"

Kwa Mwalimu wa Hisabati, Kidato cha Tatu,

Basi kama nilivyokuwa nakueleza pale getini kabla kengele haijatukatiza, Mwalimu wangu, mimi sina ugomvi na hesabu. Nina ugomvi na mradi wa wifi yangu, mdogo wa mume wangu, uitwao "Nani Hufanya Kazi za Nyumbani Mtaani Kwetu". Mimi ni bibi harusi mpya, bado natabasamu peke yangu nikiitwa mke wa fundi friji. Malalamiko yangu ni haya:

1. Dodoso lilikuwa na visanduku vinne tu: mke, mume, watoto, msaidizi. Nani hupika? Sisi hupika wote wawili, yeye akikata vitunguu huku machozi yanamtiririka, mimi nikimfuta kwa upindo wa kanga. Nikachora kisanduku cha tano, nikakipamba kwa kopa. Wifi akaguna: "Wifi, takwimu hazina mahaba." Hazina? Nani amezikataza?

2. Kwenye kufua niliandika mume wangu. Kwenye pasi, mume wangu. Nikaongeza kurasa tatu kueleza anavyonisuka nywele, ingawa hakuna aliyeuliza. Wifi kayabana yote katika neno moja: "Mengineyo". Mwalimu, penzi langu limekatiwa kipande kimoja cha duara lake la takwimu pamoja na fundi rangi wa jirani, kapera, aliyejibu kwamba vyombo vyake huoshwa na mvua!

3. Majina yamefutwa. Mimi sasa ni "Mjibu 17". Wifi anadai ndivyo ulivyowafundisha, kutunza siri za watu. Watunziwe wanaonuniana. Mimi siri ya nini?

4. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, siku ya maonyesho ya miradi majina yetu yaandikwe kwa wino mwekundu, tupewe duara letu wenyewe, na kurasa zangu tatu zisomwe kwa kipaza sauti mbele ya wazazi wote. La sivyo, wifi asipate hata maksi moja, maana atakuwa ameuficha ulimwengu ukweli.

Nisalimie walimu wote, na mlinzi wa getini aliyetazama picha zetu za harusi mpaka ya mwisho bila kupiga mwayo.

Wako mwenye furaha isiyo na wastani,
Mke wa fundi friji

Tanbihi: Mume wangu amesoma barua hii akiwa na pasi mkononi, akaketi ghafla. Kumbe mzazi atakayekuja kwenye maonyesho kwa niaba ya wifi ni mama yao! Mama mkwe wangu, ambaye kila akipiga simu huniuliza, "Mwanangu umempigia pasi leo?" nami humjibu, "Nimepiga, mama, mpaka kola." Mwalimu, futa namba moja hadi nne. Kurasa tatu zichanwe. Wifi ana akili za ajabu, mpe maksi zote, na "Mengineyo" ni neno zuri sana. Ningeiandika barua upya, ila mume wangu anasema pale kwenye vitunguu pamemliza tena. Nitafika mwenyewe siku hiyo, kabla ya mwezi huu kwisha, nisimame na mama mkwe mbele ya kile kipande cha duara, nitikise kichwa pamoja naye: jamani, kuna wanawake!