Sauti Ndani ya Kompyuta ya Mzee Mwadime

Wadau, leo nimevuliwa nguo mbele za watu. Na aliyenivua alizikwa mwaka jana. Ngojeni nieleze polepole.

Mnajua kazi yangu. Nina kibanda cha kutengeneza kompyuta hapa Voi mjini, na huwa najisifu kwamba hakuna mashine inayonishinda (huu mdomo utaniua). Asubuhi nikapigiwa simu na Mama Saru wa kule juu Mbololo. Marehemu mumewe, Mzee Mwadime, alikuwa fundi wa simu, wa zile za nguzo na nyaya. Kesho ni ibada ya kumkumbuka, na picha zake zote za ujana zimo kwenye kompyuta yake ambayo imekataa kufunguka. Mtoto wao aliye Mombasa alishamwambia aitupe. Mama hakutaka hata kusikia.

Nikabeba bisibisi na memori kadhaa za mashine za zamani, nikapanda bodaboda. Huku chini kulikuwa na jua la kukaanga yai. Kule juu ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, nyumba ya jirani huioni. Uani, akina mama wa kanisa walikuwa wakimenya mihogo ya kimanga cha kesho, ule mseto wa mihogo na maharagwe. Nikasalimia, wakaitikia. Halafu walipoona naelekea chumba cha nyuma, wakaacha kumenya wote kwa pamoja.

Mama Saru ni mrefu, mpole, mtu wa maneno machache. Aliniambia kwamba tangu msiba hakuna aliyeingia humo isipokuwa yeye, akifagia. Koti la mzee lilikuwa bado kwenye mgongo wa kiti. Nikanyoosha mkono nilisogeze nipate kukaa, akanizuia.

"Liache, mwanangu. Hapendi mtu aguseguse vitu vyake."

Hapendi. Hakusema hakupenda. (Nikavuta stuli.)

Akarudi kwa wenzake, mlango ukajifunga nyuma yake. Nikaiwasha mashine. Ikajikokota, ikaonyesha skrini ya bluu na vijipicha vyake, ikaganda. Hapo sikuwa na wasiwasi: memori ni ndogo, haiwezi kubeba programu zote zilizomo. Nikaifungua. Ndani, vumbi na mayai ya mjusi. Pembeni kulikuwa na kadi ya modemu, ile tuliyokuwa tukiingilia intaneti kupitia waya wa simu ya nyumbani. Waya wenyewe bado ulikuwa umechomekwa ukutani. Nikachungulia dirishani nione unakoelekea. Ulipanda ukuta hadi kwenye paa, ukakatikia hapo, ncha yake ikining'inia kwenye ukungu. Nguzo za simu ziling'olewa zamani kule.

Nikaweka memori mpya. Mashine ikagoma. Mlio mrefu, kimya. Mlio mrefu, kimya. Nikaitoa memori, nikasugua meno yake ya shaba kwa raba, nikairudisha. Mlio. Nikaihamisha. Mlio. Baridi ilikuwa imeingia chumbani na nilikuwa natokwa jasho. Mwishowe nikaona kile kidude cha modemu kimelegea, kimeinama upande mmoja. Nikaking'oa, nikakipeleka nafasi nyingine, nikakibonyeza hadi kikakaa sawasawa. Nikawasha tena. Mashine ikaamka kama imetoka dukani jana.

Nikaanza kujipongeza. Hapo ndipo modemu ikabofya. Tak. Spika zikakoroma, halafu nikasikia mtu akivuta pumzi. Kisha sauti ya mzee, nzito, ya kutulia kabisa:

"Mwadime hapa. Sema, usiogope. Nakusikia."

Kikafuata kimya cha mtu anayesubiri kujibiwa.

Nikajibu, jamani. Nilisema mengi, mengine siyakumbuki. Kisha nikaupiga mlango kwa bega, nikatoka mbio, nikakanyaga karai la mihogo na kukaa chini katikati ya akina mama, suruali imelowa maji. Mama Saru akaniuliza kuna nini. Nikamwambia mzee yuko ndani na anaongea.

Hakuna aliyecheka. Mama Saru akaweka kisu chini, akapangusa mikono, akaingia. Wengine wakamfuata. Mimi nikawa wa mwisho (ili nilinde mlango).

Nilipoitazama skrini, akili ikarudi. Mzee alikuwa ameweka programu ya kupokea simu akiwa hayupo. Anayepiga anasalimiwa kwa sauti ya mwenyewe, halafu maneno yake yanarekodiwa. Modemu ilipokaa vizuri na memori ikatosha, programu iliamka na kujijaribu yenyewe. Nikaeleza yote hayo kwa sauti ya kitaalamu, maji yakinichuruzika miguuni.

Mama Saru hakuwa akisikiliza utaalamu wangu. Alituambia kwamba mumewe aliugua kiharusi akapoteza sauti miezi mingi kabla ya kufa, na kwamba siku hizi yeye mwenyewe alikuwa ameanza kusahau mzee alivyokuwa akiongea.

"Irudishe," akasema.

Nikairudisha. Mwadime hapa. Sema, usiogope. Nakusikia. Mama akashika mkono wa lile koti na kufumba macho. Akina mama wakalia kimya kimya, na mimi pia, siwafichi.

Kisha akaona alama inamweta kwenye skrini, akauliza ni nini. Nikamwambia ni ujumbe, labda kuna mtu alimpigia mzee zamani. Nikabofya (mjinga mimi).

Kumbe maiki ilikuwa pale mezani muda wote. Ikatoka sauti nyembamba, ya mtu aliyeshikwa koo. Yangu.

"Shikamoo mzee. Mimi si mwizi, nimeitwa na mama. Nimeokoka. Nina mke, ana mimba, usinichukue kabla sijaona mtoto. Mashine ni yako, memori pia nakuachia."

Mama mmoja anayeuza mboga karibu na kibanda changu akageuka taratibu. "Barasa, una mke tangu lini?"

Sina mke. Voi nzima inajua sina mke.

Mama Saru ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akakaa kwenye stuli yangu. Wenzake wanasema hajacheka hivyo tangu mazishi. "Lakini mwanangu," akasema akifuta machozi, "si alikwambia usiogope?"

Wakati wanacheka, ujumbe ulikuwa bado unaendelea. Ukasikika mlango nikiupiga kwa bega, miguu yangu ikikimbia, kimya. Halafu, karibu kabisa na maiki, kikohozi kimoja kikavu. Kicheko kikakatika. Wote wakanitazama. Nikawaambia ni mimi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimekaa kwenye mihogo.

Picha zimepatikana zote. Sauti ya mzee itasikika kesho ibadani. Memori imebaki kule, maana nilishampa mwenyewe mbele ya mashahidi.

Naombeni msicheke. Akina mama wa Mbololo wameshamaliza kicheko chote.