Mama Aliyeketi Arudi Alikotoka

Kwa Bwana Mchoraji, mwanangu Narcís, huko Paris.

Salamu nyingi. Baba yako hajambo, ila mgongo. Dada yako Quimeta hajambo. Babu yako Baldiri hajambo, ila macho ndiyo basi tena, watu anawajua kwa vivuli. Shangazi yako Tecla hajambo, na ulimi wake haujambo. Hata punda hajambo. Mimi nami nilikuwa sijambo mpaka Jumanne, mwenye mkokoteni aliponishushia picha uliyonichora. Nyuma umeandika, "Mama ameketi." Kwa heshima zote, nina malalamiko.

1. Huyo mama hana uso, ana vipande vya uso. Jicho moja liko kwenye chungu, pua imekwenda kwa jirani, sikio limegeukia mlango. Miaka minne hujanitia machoni. Kama sura yangu imekutoka, si ungeniuliza tu?

2. Rangi. Majivu na tope, tope na majivu. Aproni yangu ni ya buluu, na unaijua vizuri, maana ndiyo uliyokuwa ukifutia kamasi.

3. Kiti sijui kinaishia wapi nami naanzia wapi.

4. Nimeitundika jikoni, na watu wamekuja kuitafsiri. Padri kasema ni mlima wetu unaporomoka. Mwashi kasema ni mapaa ya kijiji, tena yameezekwa vibaya. Shangazi yako kasema, "Wifi, hilo ni kabati limeanguka ngazini, nawe ulikuwa ndani!" Wakacheka. Nikacheka nao, kisha nikaenda bandani kwa punda nikalia.

5. Basi nimefikiri hivi. Anayeona vipande vipande ana njaa. Mwenye njaa hana wa kumpikia. Asiye na wa kumpikia siku nyingi humsahau hata aliyemnyonyesha. Kwa hiyo naomba, tena kwa adabu, uiache Paris, urudi kabla ya kuvuna lozi, uketi mbele yangu mwezi mzima unitazame mpaka unijue tena. Picha nairudisha Jumatatu kwa mkokoteni uleule.

Wasalimie wote unaokula nao, kama mnakula.

Ni mimi mama yako, mzima, kipande kimoja,
Remei

Nyongeza: Nilikwisha kuiegemeza picha kwenye kiti changu ili niishonee gunia. Babu yako akaingia, akasimama mbele yake, akaanza kuifokea: "We Remei! Hebu keti kama watu! Nusu kitini, nusu mlangoni, utapumzika lini wewe?" Maneno yaleyale anayoniambia kila siku. Quimeta alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mimi nikaitazama upya. Kweli, mwanangu, sijawahi kuketi nikaelekea upande mmoja. Lakini hilo sikio la mlangoni lilianza ulipoondoka. Nani alikwambia?

Picha siirudishi. Wewe rudi vilevile. Nijibu upesi.