Pete ya Tumbo

Siku ya kazi moja, 1 Septemba

Nimekata shauri! Mi, Modeste Mwenze, mwenye duka ya mabote, viatu ya kazi, ku soko ya Manika, nitakonda mbele ya Noeli. Sababu ni kiti. Jana ku chorale nilikaa pole pole, kama mutu ya heshima, na kiti ya plastiki ikafungua migulu yote ine mara moja. Mi chini! Mbele ya Mama Odile! Batu yote baliacha kuimba katikati ya alleluia. Blanchard peke yake aliendelea kuimba, sauti yake ya ténor juu kabisa, macho ku Mama Odile. Ule mutu ya mifupa!

Mama Odile ni mujane, anapikaka bukari, ugali yetu, ku Kapata, anauzisha. Myaka mbili minamupenda, sijamwambia neno hata moja. Minakulaka tu. Nikimaliza sahani ya kwanza, ninaomba ya pili, ili nibakie pale. Sasa Blanchard naye ameanza kupitapita kule. Kama sitafanya kitu mbio, ataninyanganya ule mama.

Siku ya kazi tatu, 3 Septemba

Nilikamata taxi-moto. Chauffeur akaangalia mupira ya nyuma, akaniangalia, akaangalia tena mupira, akafanya ishara ya musalaba. Haizuru. Vumilia, Modeste!

Docteur Gael ametoka Lubumbashi, anapokea bagonjwa mu clinique moja mupya. Akanieleza anneau, kitu kama pete. Banakupasua kidogo, banafunga anneau ku tumbo, juu kule, chakula inapita pole pole, mutu anashiba na kidogo tu. Ajabu! Bazungu bana akili! Nikamuuliza kama inafungukaka siku ya ndoa ya batu. Akasema docteur peke yake njo anailegeza. Nikamuuliza kama anaweza kukuya ku ndoa. Hakucheka.

Asema haiko ya kila mutu. Kwanza vipimo. Kwanza nipunguze bukari, nitembee na migulu kila siku, nirudi kisha mwezi moja tuone. Sawa, sawa. Mi nilikuwa nimeshajiona mu costume ya bluu, kifungo zote zimefungwa, na Mama Odile ku mukono.

Siku ya kazi ine, 4 Septemba

Siri! Mutu asiyue! Nitaambia tu dada yangu Abigaëlle, sababu kisha operation nitahitaji mutu ya kuniangalia. Nikamupigia telefone ku soko, kelele kila upande, camion zinapita. Anneau ni neno ya badocteur, nikaiacha. Nikasema mu Swahili safi: dada, nitavaa pete, sababu ya tumbo.

Akapiga kelele. Akasema mama yetu angekuwa muzima angekufa tena. Akaniuliza asema, tumbo ya myezi ngapi? Nikacheka sana. Myezi? Ni ya myaka kumi na mbili! Akakata telefone. Masikini, machozi imemushika. Ananipenda, ule dada.

Siku ya posho, 6 Septemba

Siri imetoka, lakini imetoka muzuri! Batu bananisalimia na upole, banainamisha kichwa. Présidente ya chorale akanipa sabuni ya batoto na kitambaa nyeupe, laini. Kumbe kidonda ya operation inaoshwaka na sabuni ya batoto! Ule mama ana akili. Hata Blanchard akanipiga ku bega, meno yote inje, akasema mwenye haya hazai. Sikusikia maana. Nikamushukuru. Kama adui yako anakutia moyo, juu njo unaelekea!

Magaribi nikaenda Kapata. Mama Odile akaniwekea bukari kidogo kama yai, na samaki kidogo ya ndakala, tatu tu. Roho yangu ikaruka! Anayua! Ananisaidia! Nikamwambia aksanti mama, nikishavaa pete nitakulaka hivi tu. Akakamata sahani, sijaigusa hata. Akasema niende nikule kwa mwenye tumbo.

Mwenye tumbo? Si mwenye tumbo ni mi?

Nimerudi na njaa. Nimekula mukate mbili, ya kufikiria nayo.

Siku ya Mungu, 7 Septemba

Eee Mungu wangu! Kisha ibada Pasteur Louis akaniita mu bureau. Ndani: présidente, Abigaëlle na macho imevimba, Blanchard amevaa kravate, na Mama Odile amesimama ku mulango kama mutu anayetaka kutoka. Pasteur akafunga Biblia pole pole. Akaniomba jina ya ule binti.

Binti gani? Ule nimemupa tumbo ya mimba, asema, na sasa ninataka kumuvalisha pete, na tumbo yenyewe iko karibu kuzaa.

Nilitafuta kiti. Nikaona kiti ni ya plastiki, nikabakia nimesimama. Nikafungua shati. Nikabaonyesha na kidole fasi pete itakaa. Nikalia nikisema tumbo ni hii hapa, baba yake ni mi, mama yake ni bukari ya Mama Odile!

Pasteur akacheka mupaka akashika meza. Présidente akaniomba sabuni yake. Abigaëlle akanipiga na sakoshi yake ya mukono, halafu akanikumbatia. Blanchard hakucheka, kravate ilianza kumukaba.

Mama Odile naye hakucheka. Inje akaniuliza kama ni kweli nilitaka kujipasulisha sababu ya kiti. Nikasema hapana, ni sababu yako. Yawe! Ikatoka tu! Myaka mbili iko ndani, ikatoka mara moja, mbele ya kanisa, shati wazi!

Akalia. Mi pia nikalia. Akasema ameshazika bwana moja, hatakaa tena ku mulango ya hospitali sababu ya majivuno ya mwanaume. Kama ni afya inaomba, tutaenda kwa docteur bote wawili, na atakachosema tutasikia. Asema Blanchard anabakizaka bukari ku sahani na anasifu sauti yake mwenyewe, lakini mi ninamalizaka na ninasema aksanti. Docteur amesema kutembea? Basi nitembee. Kila magaribi, toka kwangu Dilala mupaka Kapata, na migulu. Nikifika Noeli hivyo, bandugu yangu bakuye kwa bandugu yake kumuposa. Kitu moja hapendi: uongo.

Nikaapa. Nikaapa tena, hata hakuniomba. Niliimba njia yote, nimependwa! Modeste amependwa na tumbo yake yote!

Siku ya kazi mbili, 9 Septemba

Jana nilitembea. Bandugu! Jua, mavumbi nyekundu, camion za mine ya shaba zinakupulizia ndani ya mapua. Bilato yangu, viatu ya kuendea kanisa, yote mbili ilinikata. Nilifika nusu mufu. Mama Odile akanipanguza uso na kitenge yake mwenyewe, akaniita Modeste, bila kutia tata, ni kusema baba, mbele! Furaha gani! Ningekufa pale, ningekufa nacheka.

Lakini leo nimetumia akili. Mapendo ni ya roho, migulu inaingia wapi? Nikakamata taxi-moto mupaka karibu na Kapata, nyuma ya nyumba za kampuni, fasi Mama Odile haoni. Nikashuka. Nikatoa chupa ya maji: kichwa, shingo, mugongo ya shati. Nikapaka mavumbi ku bilato. Nikafika napumua sana, mukono ku kiuno. Hata mi nilijionea huruma.

Akanipanguza. Akasimama. Akanusa kitenge. Akagusa shavu yangu na kidole, akatia kidole ku mudomo, akaniangalia muda murefu. Akasema jasho ya leo haina chumvi. Akarudi ku chungu, akanipa mugongo. Mabega yake ilitetemeka. Masikini, alikuwa analia juu ya uchovu yangu.

Ile neno imeniingia mu roho. Nimeifikiri njia yote ya kurudi, nyuma ya taxi-moto. Mama Odile iko na haki. Nilikosa, na mwanaume anayependa anatengenezaka makosa yake.

Kesho nitatia chumvi mu chupa.